Hurts au Tagovailoa pale Alabama?

Ndugu, umeuliza kati ya Jalen Hurts na Tua Tagovailoa, walipochezea futiboli ya Kimarekani Chuo Kikuu cha Alabama, nani alikuwa kwotabeki bora (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira). Kwa kurusha mpira, nampa Tua bila kusita. Fainali ya ubingwa wa vyuo ya Januari 2018, wapinzani Georgia wanaongoza 13-0 mapumziko, kocha wa Alabama, Saban, akamtoa Hurts, dogo Tua akaingia. Muda wa nyongeza akaangushwa, zikapotea yadi 16. Jaribio lililofuata akaachia pasi ya yadi 41 kwa mwenzake DeVonta Smith: 26-23, ubingwa!

Ila moyo wangu uko kwa Hurts. Desemba mwaka huohuo, dhidi ya Georgia tena, Tua kaumia kifundo cha mguu, Alabama wako nyuma 28-21. Hurts katoka benchi, kasawazisha kwa pasi, kisha kakimbia na mpira mwenyewe mpaka ndani ya eneo la kufungia, 35-28. Timu yangu ningemkabidhi yeye.