Msipike matokeo, pikeni urea

Wiki hii nimesimamia prakitiko ya mwaka wa kwanza ya kutengeneza urea, kemikali iliyomo kwenye mkojo, kama alivyofanya mwanakemia Mjerumani Wöhler. Vikundi 9, na vyote 9 vimeandika kwamba urea yao imeyeyuka kwenye nyuzi 133. Wadogo zangu, nawapenda, ila fuwele zenu nilizigusa. Zilikuwa zinanata kidoleni.

1. Kausheni kabla ya kupima.

2. Moto mdogo. Mkizidisha, amonia itawatoa machozi na badala ya urea mtabaki na kitu kingine, bayureti.

3. Andikeni mlichokiona. Hapa nina deni. Nikiwa kama ninyi, fuwele zangu zilianza kulegea kwenye 119. Kitabu kilisema 133, nami nikaandika 133, tena kwa kalamu nyekundu, nikapigia mstari. Mwalimu akasoma, akachukua mabaki ya sampuli yangu, akaniita mbele: "Hebu pima tena, nasi tuone." Darasa zima likawa linasoma kipimajoto kwa sauti. 117, 118, 119… zikaanza kulowana. Nilitamani sakafu inimeze. Hakunigombeza, na huo upole ndio ulioniumiza. Akasema tu: "119 ilikuwa inakwambia zina maji. Ukainyamazisha." Nilipata sifuri, na jina la Mpishi likanifuata hadi mahafali.

Wöhler mwenyewe alitafuta sianati ya amonia. Akapata fuwele nyeupe ambazo hata ukizitia potashi kali hazitoi harufu ya amonia, ilhali sianati ile ingetoa. Angeandika "sianati" akaenda zake kula, nani angejua? Alizikuta 1824, akazirudia 1828 kule Berlin, akazilinganisha na urea ya mkojo, ndipo akamwandikia mwalimu wake, mwanakemia Berzelius, kwamba anatengeneza urea bila figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Urea na sianati ya amonia: fomula moja, vitu viwili! Mambo kama hayo ndiyo yaliyomfanya Berzelius avitungie vitu vya namna hiyo jina la isomeri mwaka 1830.

4. Na hiyo sentensi mnayonakiliana, eti siku ile "nguvu ya uhai" (imani kwamba kemikali za viumbe hai haziwezi kutengenezwa bila uhai) ilikufa, ifuteni. Sianati ilitokana na pembe na damu za wanyama, kwa hiyo wabishi walikuwa na pa kushikilia. Hata mwanakemia Kolbe alipotengeneza asidi ya siki mwaka 1845, akianzia na vitu visivyo na uhai, ubishi haukuisha.

5. Osheni vyombo, jamani.

Ripoti zote 9 nimezirudisha. Sampuli ziko kwenye desiketa, chombo cha kukaushia, zina majina yenu. Ijumaa saa mbili asubuhi tunapima upya, nami nitakuwa nasoma kipimajoto kwa sauti.