Muulize Bibi Muuguzi: Dawa moja, majina matatu

*Bibi alifanya kazi wodini miaka 31. Sasa amestaafu, anafuga kuku Tanga na kujibu barua zenu.*

Shikamoo Bibi. Mama yangu ana miaka 68, ana presha na moyo umetanuka. Mwezi uliopita alilazwa siku tisa, miguu imevimba na hawezi kulala bila mito mitatu. Aliporuhusiwa tukapewa mfuko wa dawa. Nyumbani zilikuwepo nyingine za kliniki yake ya siku zote, nikawa nampa zote, kwani zote ziliandikwa na madaktari. Wiki ya pili ikaanza kizunguzungu akiinuka, mdomo mkavu, na usiku vigimbi vinamkaza mpaka analia. Juzi akaanguka mlangoni mwa choo. Dada yangu akamwaga dawa zote mezani, akauliza mbona Lasix na hii frusemide zote tumeambiwa ni za kutoa maji? Duka la dawa wakatuambia ni kitu kimoja. Bibi, aliyekosea ni nani, mimi au hospitali?
*Binti, Mabibo, Dar es Salaam*

Marahaba, mwanangu. Barua yako sikuiacha ingoje jarida litoke. Nilikupigia jioni ile ile, na nashukuru kesho yake mlimrudisha hospitali, wakampima presha amelala na amesimama, wakaangalia figo na potasiamu, ile chumvi ya damuni inayoendesha misuli na moyo. Haya ya leo nawaandikia wengine, maana mfuko kama wa mama yako upo katika nyumba nyingi.

Lasix ni jina la biashara. Furosemide ndilo jina la dawa yenyewe. Frusemide ni tahajia ya zamani ya Waingereza, na sisi tuliosoma enzi zile bado inatutoka mkononi. Dawa ni ile ile. Hilo jina Lasix lenyewe husemwa limetokana na Kiingereza "lasts six", yaani nguvu yake kudumu kama masaa sita (masaa sita, si saa sita mchana, na hilo nitalirudia huko chini). Ndiyo maana hatupendi kumpa mtu jioni, akakesha chooni. Mama alikuwa anapewa mara mbili ya alichopangiwa. Maji yakamtoka kupita kiasi, na potasiamu hutoka pamoja na huo mkojo. Kizunguzungu na vigimbi kukaza vinaelekea kuwa vimetoka hapo.

Sasa, nani amekosea. Naelewa unataka mtu wa kumlaumu. Nami nitakupa mmoja, ila ni mimi, na ni habari ya miaka ya tisini.

Nilikuwa zamu ya usiku, peke yangu, wodi ya wanawake, vitanda 32 na wengine chini. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi nikaanza kugawa dawa za kabla ya chai. Walikuwepo akina mama wawili wa jina moja, sitalitaja, wametenganishwa na kitanda kimoja tu. Mmoja ana sukari, mwingine amelazwa kwa nimonia. Nikasimama na sinia kwenye kitanda nilichodhani ndicho, nikasema, "Wewe ndiye mama fulani?" Akaitikia, "Ndiyo, Sista." Na kweli ndiye. Nikampa Daonil, yaani glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Akameza na maji, akanishukuru.

Chuoni tulikaririshwa sahihi tano kama shairi: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Nilikuwa nazijua usingizini. Tatizo ni namna nilivyouliza. Ukimuuliza mgonjwa "wewe ndiye fulani?" atakubali. Atakubali kwa heshima, kwa woga, kwa sababu hajakusikia vizuri, au kwa sababu anadhani Sista hawezi kukosea. Ilitakiwa niulize, "Mama, majina yako matatu ni nani?" kisha ninyamaze, huku jicho langu liko kwenye faili.

Kilichotuokoa ni yule mwingine. Tunakabidhiana ripoti na wenzangu wa mchana, akaniita kutoka kitandani, "Sista, mimi leo kidonge changu cha sukari umenisahau." Miguu ikaniisha nguvu. Tulipomfikia yule wa nimonia jasho linamtiririka, anatujibu maneno yasiyoeleweka. Sukari ilisoma 2.1, chini mno. Tukamwekea glukosi ya mshipa, akarudi, lakini dawa hiyo hukaa mwilini siku nzima, kwa hiyo mtu akaachwa pembeni yake akimpima mpaka kesho yake. Sikwenda nyumbani. Alipona nimonia yake akaondoka, na alipoondoka nilimweleza nilichomfanyia. Akasema, "Nilijua si changu, changu ni cheupe kikubwa. Nikaona nitakuwa mbishi."

Hilo neno "mbishi" nimelibeba mpaka leo. Mwanangu, kuwa mbishi.

Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa mwaka 2017 lilisisitiza mambo matatu: mazingira na dawa zenye hatari kubwa, mgonjwa mwenye dawa nyingi kwa wakati mmoja, na mgonjwa anapohamishwa kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama yako alikuwa na hayo mawili ya mwisho. Daktari wa wodi hakuliona daftari la kliniki, kliniki haikujua amelazwa, na wewe ukaachiwa mfuko. Anayekuruhusu ndiye alipaswa kukuuliza "nyumbani kuna dawa gani?" Asipouliza, muulize wewe hivi: "Hii mpya inachukua nafasi ya ipi?" Usikubali kuondoka dirishani bila jibu la hilo.

Nyumbani tafuta kaunta buku. Andika jina dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara, maana hilo dogo ndilo dawa yenyewe. Andika miligramu, inatibu nini, inamezwa saa ngapi. Kwenye bahasha 1x2 maana yake ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku. Nimekutana na wengi waliosoma ni viwili kwa mpigo. Ukienda kliniki beba kila kitu, mpaka unga wa mlonge na chupa ya mitishamba ya shangazi, hata kama shangazi atanuna. Dawa iliyosimamishwa isibaki kabatini "kwa akiba". Irudishe famasi.

Bibi, mwanangu ana miaka sita, kilo 18, alipimwa akakutwa na malaria. Tulianza dawa ya mseto (ALu) Jumatatu saa mbili usiku, vidonge viwili. Dada wa duka la dawa aliniambia dozi ya pili nimpe "baada ya saa nane". Nikampa Jumanne saa nane na robo mchana. Jirani anasema nimeharibu dozi. Amemaliza vyote na anacheza.
*Mama wa Sengerema*

Hapa Kiswahili chetu ndicho kilichokuponza. "Baada ya saa nane" ni masaa manane yakipita, na pia ni saa nane ikishagonga. Wewe ulisikia la pili, na wala hukukosea kusikia. Dozi ya pili ilitakiwa saa kumi alfajiri ya Jumanne, mtoto aamshwe. Ya tatu saa mbili usiku ule, kisha Jumatano na Alhamisi kwa kufuata mbili asubuhi na mbili usiku mpaka zitimie dozi sita, vidonge 12. Kila mara apewe na kitu chenye mafuta, maziwa au uji wa karanga, kwani mseto bila mafuta haunyonywi vizuri.

Kuchelewa masaa kumi si jambo la kupuuza, dozi ya pili huwekwa karibu makusudi ili vimelea visipate nafasi. Lakini amemaliza na anacheza, basi usimwongezee kitu. Homa ikirudi, hata baada ya wiki tatu, nenda kituoni akapimwe upya na useme waziwazi dozi ilichelewa. Siku nyingine mwambie muuzaji aandike saa yenyewe kwenye boksi: "saa 10 alfajiri". Nami wodini tuliandika 08:00 huku ndugu wa wagonjwa wanahesabu saa mbili. Ungeona tulivyokuwa tunagombana.

Assalaam alaykum Bibi. Mume wangu ana sukari, anatumia metformin asubuhi na jioni. Ramadhani anafunga, na vidonge vyote viwili anavimeza kwa pamoja kwenye futari. Anasema hesabu ni ile ile.
*Wa Jang'ombe, Unguja*

Waalaykum salaam. Hesabu ni ile ile lakini tumbo si lile lile. Mwambie aache kuzikusanya, na kama ana kidonge cha pili cha sukari, glibenclamide hasa, asiguse mpango wowote mwenyewe, kwani hicho kinaweza kumwangusha saa tisa alasiri akiwa kazini. Amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, mapema, ili dozi zigawanywe futari na daku, au aambiwe mwaka huu asifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake ndani ya dini. Akifunga apime mchana, na ikisoma chini ya 3.9 afungue hapo hapo hata kama zimebaki dakika kumi adhana ilie. Atakuambia kutoboa kidole kunabatilisha funga. Hakubatilishi. Kama haniamini mimi, amuulize imamu wake, akirudi apime.