Mpunga umestawi, kamera yasema umepauka

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nimefunga simu juu ya mlingoti kwenye jaruba la mpunga aina ya SARO 5. Inapiga picha kila siku saa sita mchana, kompyuta inahesabu ukijani. Namba ilipanda vizuri, lakini tangu wiki ya sita inashuka, siku nyingine inarukaruka, na mpunga wenyewe umechipua hasa. Mbolea imeisha au simu ni mbovu?
Mkulima, Dakawa, Morogoro

JIBU: Kabla ya kulaumu mbolea, tazama simu. Kamera hujirekebishia rangi yenyewe: ikiona picha imejaa kijani, huongeza wekundu na ubluu ili isawazishe. Kadiri mpunga unavyofunika jaruba, ndivyo inavyokuibia ukijani. Washa mpangilio wa mkono, weka rangi kwenye alama ya jua (karibu kelvini 5,500, kipimo cha rangi ya mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, usiiguse tena msimu mzima.

Namba kurukaruka kunatokana na saa unayopiga picha. Februari na Machi jua la Morogoro saa sita liko karibu utosini, na kamera inayotazama chini wima inapigwa na mng'ao wa maji. Hamia saa tatu asubuhi. Lenzi ikae mita 2.5 toka ardhini, kwenye mkono uliochomoza mita 1, kivuli cha mlingoti kisiingie.

Hesabu ya ukijani ni hii kwa kila pikseli (nukta moja ya picha): kijani mara mbili, toa nyekundu, toa bluu, gawanya kwa jumla ya zote tatu. Jani lenye nyekundu 90, kijani 130, bluu 60 linatoa 0.39. Tope la 110, 100, 85 linatoa 0.02. Anza na mpaka wa 0.1, yaani kinachouzidi kihesabiwe mpunga, kisha kagua picha kwa macho, kwa sababu azola (kimea kidogo kinachoelea majini) na mwani navyo vinavuka mpaka huo na kompyuta itakuhesabia kuwa mpunga. Masuke yakianza kugeuka manjano, namba itashuka kwa haki.

SWALI: Picha zinaweza kuniambia siku ya kuweka urea?

JIBU: Hizo, hapana. Jaruba likishafunikwa, namba inagota hata kama majani yana njaa. Tumia kadi ya rangi ya majani, yenye vipande vya kijani hafifu hadi kilichokolea: chagua mashina 10, linganisha na kadi jani la juu kabisa lililokwisha kukunjuka, ukilikinga jua kwa mwili wako.