Beberu mmoja miaka sita

Mwanambuzi aliyenifungua macho alizaliwa na taya fupi la chini. Kila akishika chuchu, mdomo unateleza, analia, anajaribu tena. Nikamkamua mama yake kwenye kikombe, nikawa namnywesha. Siku ya nne akafa. Hapa kisiwani Ukerewe majirani walisema ni husuda. Mimi nilisingizia minyoo.

Kumbe ni damu. Beberu wangu, tuliyemwita Mzee, alikuwa mwaka wa sita zizini, na alishapanda binti zake na wajukuu pia. Baba akizaa na bintiye, kwa wastani robo ya urithi wa mtoto huwa nakala ileile kutoka pande zote mbili, na kasoro iliyojificha vizazi vyote hapo ndipo inapojitokeza.

Mpwa wangu anayesoma biolojia alicheka. "Mjomba, umejenga kisiwa ndani ya kisiwa." Akanisimulia dubu wa Kodiak, kule Alaska. Wako kama 3,500, wametengana na wenzao wa bara yapata miaka 12,000, na vinasaba vyao vinafanana mno. Nikamuuliza, mbona basi ni miongoni mwa dubu wakubwa kuliko wote duniani? Akasema samaki wa kula ni tele, na elfu tatu si sawa na mbuzi wangu kumi na wanne wenye baba mmoja. Hapo sikuwa na jibu.

Sasa piga hesabu. Mimba ni miezi mitano, na jike anaweza kupandwa akiwa na miezi sita hadi minane. Maana yake mwaka mmoja tu tangu beberu aingie, binti zake wako tayari. Mtoe kabla ya hapo. Madume wadogo nao wahasi mapema, maana miezi minne tu wanaanza vituko.

Usikimbilie kubadilishana na jirani. Nilifanya hivyo, nikaja kukumbuka beberu wake ni mtoto wa Mzee, nilimuuzia mwenyewe! Ikabidi nivuke kwa kivuko cha Rugezi hadi Kisorya, upande wa bara, nikamleta beberu mweusi mmoja aliyemkojolea abiria viatu. Nikamtenga wiki tatu kwa kuhofia homa ya mapafu. Siku hizi kila uzao naandika daftarini, mama na baba.

Mzee nilimuuza Nansio wakati wa Idi. Jirani bado ana mwanawe, na kila nikimgusia ananijibu, "Lakini si unaona alivyonona?"