Mishipa "iliyolegea" ina kosa gani?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ameona karatasi kwenye nguzo ya umeme: "Tunakaza mishipa ya uume iliyolegea, nguvu za kiume hurudi." Anauliza: mshipa huo ni wa damu au wa fahamu? Na je, "nguvu za kiume" ni Kiswahili fasaha?

La kwanza halina kazi. Mshipa ni neno lililotwishwa mizigo kuliko hamali wa bandarini: ateri itoayo damu moyoni ni mshipa, vena iirudishayo ni mshipa, neva ipelekayo habari za ubongo ni mshipa, na mwenye ngiri naye husema anaumwa mshipa. Ndiyo maana huongezwa "wa damu" au "wa fahamu", na fahamu yenyewe tumeipata kwa Waarabu. Anayetaka mkato aseme ateri, vena au neva.

Kinachonichefua ni hilo "tunakaza". Uume husimama kwa kulegea! Ashiki ikipanda, neva zitokazo chini ya uti wa mgongo, pingili ya pili hadi ya nne ya sakramu, ule mfupa wa juu ya kitokono, humwaga oksidi ya nitriki. Nayo huongeza kemikali iitwayo cGMP ndani ya misuli laini, ile iliyo kwenye kuta za ateri na ndani ya mirija miwili ya sponji iliyolala sambamba uumeni. Misuli hiyo hulegea, ateri zikatanuka, damu ikafurika. Sponji ikishavimba huzigandamiza vena kwenye ganda gumu linaloizunguka, na damu inakosa pa kutokea. Ugumu wote ni damu iliyofungiwa. Mfupa hamna humo.

Haya, sasa zikaze ateri hizo. Uume unalala. Ndivyo hofu inavyofanya: neva nyingine, zile za kukabili hatari, humwaga kemikali ya noradrenalini, misuli laini inakaza, damu inarudi ilikotoka. Mwenye karatasi anauza ugonjwa kwa bei ya dawa.

Atajitetea kwamba alikusudia uume wenyewe. Basi angeandika "uume umelegea", hapo hana kesi na mtu. Mishipa asiisingizie. Mara nyingi shida ni kinyume: ateri zimekakamaa na kuziba kwa kisukari, sigara au shinikizo la damu, au neva zimeharibika, kwa kisukari hichohicho au kwa upasuaji wa tezi dume, au vena zinavujisha. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, za moyo 3 hadi 4, kwa hiyo za uume hutangulia kuziba. Daktari akikuuliza habari za moyo usidhani amepotea njia. Hata sildenafili, dawa ijulikanayo kwa jina la Viagra, haikazi chochote: huzuia kimeng'enya kinachovunja cGMP, kulegea kukadumu. Ukiichanganya na dawa za moyo za naitreti, shinikizo la damu linaporomoka, na watu hufa.

Kusimama kupita kiasi nako ni balaa. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila ashiki, jambo linalowapata sana wenye selimundu, ni hospitali mara moja, maana damu iliyokwama humo imeishiwa oksijeni.

"Nguvu za kiume"? Nguvu gani, na jambo lenyewe ni kulegea? Lakini limeshazoeleka, hata mtu mbele ya mkwewe hulitamka bila haya, wakati "kudinda" lingemfukuzisha barazani. Liacheni. Karatasi ya nguzoni ndiyo isahihishwe: "Tunalegeza mishipa iliyokaza." Sarufi itakuwa safi, dawa yenyewe simo.