Mwimbaji akikohoa, usizime

Kama ndiyo kwanza unaanza kusikiliza muziki wa majaribio wa sauti moja, anza na Sequenza III, kazi ya Luciano Berio wa Italia, aliyomtungia mwimbaji Cathy Berberian na kuikamilisha mwaka 1966. Mwimbaji anaingia jukwaani tayari ananong'ona, maneno yakimtoka mbiombio. Anacheka, anakohoa, anaziba mdomo kwa kiganja, anaanza kuimba kisha anajikatiza. Hakuna ala hata moja. Shairi fupi la Markus Kutter, ambalo ndilo maneno ya kazi hii, limevunjwavunjwa kiasi kwamba hata ukiwa nalo mkononi litakupotea.

Sisi tuliokulia kwenye taarabu na kwaya tumezoea kutega sikio tunase maneno. Kwenye taarabu, utamu uko kwenye fumbo. Hapa maneno hayaji, na ndipo wengi huzima. Mimi kilichonibakiza ni falsafa.

Soma kwanza Aristotle anapozungumzia nafsi. Anasema si kila mlio wa kiumbe ni sauti, na mfano anaoutoa ni kikohozi. Sauti, kwake, ni mlio wenye maana. Sasa rudi kwa Berberian. Kikohozi chake kimeandikwa kwenye noti, ndani ya karatasi iliyogawanywa kwa vipande vya sekunde 10. Kimekusudiwa. Je, bado si sauti? Mimi nasema kimeshakuwa sauti, tena kwa kipimo cha Aristotle mwenyewe, lakini kaa na swali hilo mpaka likusumbue.

Halafu msome Roland Barthes, mwandishi wa Ufaransa. Katika insha yake ya mwaka 1972 anatutaka tuusikie mwili ndani ya uimbaji: koo, ulimi, meno, pua. Hili usiliache kwenye kitabu. Joan La Barbara, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, ana kazi ya mwaka 1974 anayoshikilia noti moja tu huku akiuhamisha mwangwi wake kichwani. Ijaribu: funga mdomo, vuma noti moja ya chini, kiganja kifuani. Isukume puani, kisha juu zaidi, kisha irudishe kooni. Kifua kitaacha kutetema, mfupa wa pua utaanza, na noti haijabadilika. Baada ya zoezi hilo nilianza kumsikia La Barbara kwa namna nyingine kabisa. Kila badiliko nilijua linatokea wapi.

Mladen Dolar, mwanafalsafa wa Slovenia aliyeandika kuhusu sauti, anaweza kusubiri. Anadai uwe umeshasoma mengi. Ninayempenda kuliko wote ni Adriana Cavarero, mwanafalsafa wa Italia, anayeshikilia kwamba kabla ya kutuambia lolote, sauti inatujulisha ni nani anayesema, mtu huyu mmoja asiye na wa pili. Ukitaka kumpima, mtafute mwimbaji mwingine wa Sequenza III, umsikilize mara tu baada ya Berberian. Noti ni zilezile, maagizo ya Berio ni yaleyale. Linganisha vicheko peke yake.