Kijumba cha mbao kando ya Kivu: anza na ardhi, mbao baadaye

Ndugu, umeuliza ununue mbao gani za kujengea kijumba cha kupumzikia kando ya Ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, mashariki mwa Kongo, bila kuharibu mazingira. Mimi nilijenga changu huko huko, mita 4 kwa 5, na nakuomba uiangalie ardhi kwanza.

Kiwanja changu kina kibonde karibu na maji, kimekingwa na upepo, nyasi zake laini. Vigingi nilikuwa nimeshapigilia. Mama mmoja jirani aliyekuwa akienda kuchota maji akasimama: "Papa, unataka kulala humo?" Akageuza jiwe kwa mguu. Chini yake mijusi miwili imekauka, na pembeni ndege mdogo, mabawa amekunja kama amesinzia.

Mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo ukitulia. Haina rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Kuinua sakafu juu ya nguzo hakutoshi, hama kabisa. Mshumaa wa kupimia hewa nao usiutegemee: ukizimika, wewe mwenyewe umeshaingia hatarini. Waulize wazee wa hapo ni wapi hawafungi mbuzi, halafu uombe ushauri kwa Observatoire Volcanologique de Goma, kituo kinachochunguza volkano, kabla hujalipa kiwanja. Mimi nilipanda hatua kama sitini hadi mgongoni mwa lava iliyoganda, ambako upepo haukatiki.

Huko juu msingi haukunisumbua. Hatukuchimba. Tulipanga mawe ya lava yakawa vinguzo tisa, na juu ya kila kimoja kipande cha bati, ili mti usinyonye unyevu.

Mbao ni za mkaratusi uliopandwa na wakulima wa Masisi. Muuzaji muulize zimetoka wapi, na akisitasita ondoka, maana Virunga ni hifadhi tangu 1925 na misitu yake bado inakatwa. Zangu zililetwa na chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, safari tatu. Fundi alitaka kupigilia wiki ile ile, nami nikamkubalia ukuta wa upande wa ziwa. Mkaratusi mbichi ukikaukia ukutani hujipinda na kupasuka: kufika Agosti kidole changu kilipita kati ya ubao na ubao. Zilizobaki tulizipanga kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, miezi mitatu ya kiangazi. Kuta zile tatu hadi leo zimenyooka.

Watu watakushauri upake mafuta machafu ya injini kuzuia wadudu. Tafadhali usifanye hivyo. Mvua itayapeleka ziwani, na sambaza, samaki wadogo tunaowala, wanatoka humo. Mimi niliongeza paa likatokeza sentimita 80 kila upande, kuta zisilowe.

Maji ya mvua nayavuna kwa kuoga na kufua tu. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una asidi na floridi, unashuka na mvua na kula mabati, kwa hiyo ya kunywa nabeba kutoka mjini. Choo ni cha ndoo na majivu, kwa sababu kuchimba shimo kwenye lava ni kazi ya wiki nyingi.

Ukishapata kiwanja, niandikie mteremko wake unaelekea wapi, nikueleze jinsi ya kulielekeza paa.